TAJIRI APIGA SIMU, DEREVA AFUNGWA



Nataka kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, lakini katika mikutano yetu halisemwi. Tunasema juu ya mishahara, posho ya safari, nyumba na likizo, na ni haki yetu kusema. Lakini kuna kitu kidogo, kinaingia katika mfuko wa shati, nacho kinawaua wenzetu na kuwapeleka wengine kortini. Kitu hicho ni simu ya mkononi katika mkono wa mtu aliyeshika usukani.

Najua wengine watasema, "Hayo ni maneno ya polisi, si maneno ya chama." Hapana, ndugu zangu. Ni maneno ya chama kabisa, na sababu yake nitaieleza hapa.

Mimi ni dereva wa trela. Njia yangu ni Mombasa hadi Nairobi, na mara nyingine hadi Malaba. Siku moja nilikuwa nimetoka bandarini na shehena, nimepita mizani ya Mariakani, naelekea Voi. Simu ikalia. Nikatazama, nikaona ni ofisi. Sikuipokea. Ikalia tena, nikaiacha. Mara ya tatu nikaingiwa na hofu, maana wiki iliyopita mwenzangu alikuwa amepewa barua ya onyo kwa sababu "hapatikani kwa simu." Nikaishika. Karani akauliza, "Umefika wapi?" Nilipokuwa nikimjibu, taniboi wangu akapiga kelele. Mbele yetu mtoto wa shule alikuwa ameingia barabarani akivusha mbuzi wawili. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Trela liliposimama lilikuwa limepita mahali pale aliposimama mtoto. Mungu ni mkubwa, alikuwa ameruka nyuma. Mbuzi mmoja alikufa, na nilimlipa mwenyewe kwa fedha za mfukoni mwangu. Na karani alikuwa bado yuko kwenye simu, ananiita, "Unanisikia? Umefika wapi?"

Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nimefika karibu na mlango wa jela. Yeye alikuwa kitini pake ofisini.

Basi tuangalie jambo hili moja moja.

HESABU YA BARABARA

Magari yetu makubwa, pamoja na mabasi na matatu, yamewekewa mwisho wa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Gari lililo katika mwendo huo linakwenda mita 22 kwa kila sekunde moja. Kutazama simu, kusoma jina la anayepiga, kubonyeza na kuiweka sikioni si jambo la sekunde moja. Tuseme ni sekunde 5 tu. Katika sekunde hizo 5 gari limekwenda mita 111. Huo ni urefu wa kiwanja cha mpira, kutoka goli hadi goli, na zaidi. Nani kati yetu angekubali kufungwa kitambaa machoni, akaendesha trela kupita kiwanja cha mpira kutoka upande huu hadi ule? Lakini ndiyo kazi tunayoifanya kila siku, tena bila kulipwa nyongeza.

Hata dereva ambaye macho yake yako barabarani anahitaji sekunde moja na zaidi tangu aone hatari mpaka mguu wake uguse breki. Ndipo gari lianze kupunguza mwendo. Na gari lenye tani 40 halisimami kama baiskeli.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba dereva anayetumia simu amejiweka katika hatari ya ajali kama mara 4 kuliko asiyetumia. Na hapa wengi wetu tunajidanganya. Tunasema, "Mimi siishiki kwa mkono, nina vidude vya masikioni, mikono yote miwili iko kwenye usukani." Shirika hilo hilo linasema kwamba simu isiyoshikwa kwa mkono haina usalama mkubwa kuliko ile inayoshikwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka watu katika mtambo wa kujifunzia udereva, wakazungumza kwa simu bila kuishika. Watu hao waliyaelekeza macho yao kwenye vitu vya barabarani, lakini walipoulizwa baadaye mengi hawakuyakumbuka. Macho yalitazama, akili haikuona.

Dereva yeyote mzoefu anaweza kulielewa jambo hili. Taniboi aliyekaa karibu nawe anaona barabara. Mkifika kwenye mteremko wa Salgaa, au mkikuta ukungu asubuhi pale Limuru, hadithi yake inakatika yenyewe, hata humwambii. Lakini mtu aliye kwenye simu haoni mteremko wala ukungu. Yeye anaendelea kuuliza na anataka jibu sasa hivi.

WANAOKUFA NI AKINA NANI?

Mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Sisemi kwamba wote waliuawa na simu. Kuna ulevi, mwendo mkali, uchovu, magari mabovu na barabara mbovu. Lakini tujiulize ni akina nani waliokufa. Kundi kubwa kuliko yote ni watu wanaokwenda kwa miguu. Na katika nchi hii anayekwenda kwa miguu alfajiri kando ya barabara kuu ni nani? Ni mfanya kazi. Ni yule anayetoka Mukuru kwenda Industrial Area kwa sababu nauli ya basi ingemla ujira wake. Ni mama anayetoka kuchuma chai. Ni askari wa usiku anayerudi nyumbani.

Kwa hivyo dereva anayezungumza na simu anahatarisha wanachama wa vyama vya wenzetu. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kusema kwamba jambo hili ni la chama.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi wetu tunafikiri kwamba kosa la simu ni faini tu. Ni kweli kwamba katika orodha ya makosa madogo ya barabarani iliyotolewa mwaka 2016, kutumia simu ya mkononi gari likiwa katika mwendo kuliwekewa faini ya shilingi 2,000. Mtu husema, "Shilingi 2,000 nitazitafuta." Lakini hiyo ni bei ya kosa ambalo halijamwaga damu.

Damu ikimwagika, tunahama kutoka orodha ile na kuingia katika Sheria ya Trafiki yenyewe, Sura ya 403. Kifungu cha 46 kinasema kwamba mtu akisababisha kifo kwa kuendesha gari bila kujali, au kwa namna iliyo hatari kwa watu, anaweza kufungwa jela mpaka miaka 10. Tena leseni yake inafutwa, na anazuiwa kupata nyingine kwa miaka 3. Miaka hiyo 3 huhesabiwa tangu siku ya kupatikana na hatia, au tangu mwisho wa kifungo, ile inayokuja nyuma. Fikirini maana yake. Mtu anatoka jela, amezeeka, watoto wameacha shule, naye bado hana ruhusa ya kushika kazi aliyoijua maisha yake yote.

Wala usitumaini kusema, "Sikuwa kwenye simu." Simu yenyewe ni shahidi. Kampuni za simu huweka kumbukumbu ya kila simu iliyopigwa, saa yake na dakika yake. Korti ikiagiza, kumbukumbu hizo zinaletwa. Zikilinganishwa na saa ya ajali, hakuna ujanja.

Tena kuna sheria ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inampa tajiri nguvu ya kumfukuza mtu mara moja kwa makosa makubwa. Moja ya sababu zilizoandikwa pale ni kukamatwa kwa kosa linaloweza kuleta kifungo, na mtu asipate dhamana wala kuachiliwa katika siku 14. Kwa hivyo dereva ambaye jamaa zake hawana fedha za dhamana anaweza kupoteza kazi kabla hata hajahukumiwa. Yule aliyempigia simu anaendelea kuja ofisini kila siku.

TAJIRI YUKO WAPI?

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika miaka yangu yote barabarani nimeona madereva wengi wakipandishwa kizimbani. Sijaona hata siku moja tajiri au karani wake akisimama pale kwa sababu yeye ndiye aliyepiga simu.

Lakini ni nani anayetupigia mchana kutwa? Kwa sisi wa malori ni ofisi: "Umefika wapi? Mwenye mzigo anangoja. Kwa nini umesimama?" Kwa wenzetu wa matatu ni mwenye gari, anayetaka kujua hesabu ya siku imefika ngapi. Kwa vijana wa pikipiki wanaopeleka vyakula na vifurushi ni programu ya simu, inayoleta kazi mpya huku kijana yuko katikati ya magari, nayo inataka jibu upesi, la sivyo kazi inapewa mwingine. Huyo hana hata karani wa kugombana naye.

Na hili linashangaza zaidi: malori mengi siku hizi yamefungwa mtambo wa kufuatilia gari. Karani yuko mbele ya kioo chake, anaona gari liko Mtito Andei au Kibwezi, linakwenda au limesimama. Anauliza jambo ambalo jibu lake liko mbele ya macho yake! Dereva ahatarishe roho yake na roho za watu kwa swali kama hilo?

Sheria yetu ya Trafiki ilitungwa na serikali ya mkoloni mwaka 1953. Waingereza wenyewe wamekwisha kuendelea mbele. Tangu Desemba 2003 sheria yao inamkataza dereva kuendesha huku ameshika simu, na tena inamkataza mtu mwingine yeyote kumsababisha au kumruhusu dereva kufanya hivyo. Maana yake ni kwamba tajiri anayemlazimisha dereva naye ana kesi ya kujibu. Nasema wabunge wetu waandike maneno kama hayo wazi wazi katika sheria yetu ya barabara, na chama chetu kiwaambie hivyo bila kunong'ona.

Lakini tusikae tukingoja Bunge. Hata leo tunazo silaha katika sheria zilizopo, ila hatuzitumii.

Ya kwanza. Kifungu kile kile cha 44 kinasema mfanya kazi anaweza kufukuzwa akikataa amri ya tajiri, lakini ni lazima amri hiyo iwe ya halali na ya haki. Je, amri ya kupokea simu gari likiwa katika mwendo ni ya halali? Haiwezekani iwe halali, kwa sababu ni amri ya kuvunja sheria. Dereva anayekataa hakuvunja nidhamu ya kazi, bali ameishika sheria ya nchi.

Ya pili. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka tajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, amweleze sababu katika lugha anayoifahamu, amsikilize, na amruhusu awe na mwenzake au mjumbe wa chama pale kazini. Ukiitwa kwa sababu hukupokea simu, usiingie peke yako. Mwite mjumbe wa chama.

Ya tatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika tajiri mzigo wa kulinda usalama wa watu wake wawapo kazini. Kwa dereva, mahali pa kazi ni pale kwenye usukani. Usalama wake haukomi kwenye lango la bohari.

TUSIJIFICHE NYUMA YA TAJIRI

Hata hivyo, ndugu zangu, nyani haoni kundule. Nikiweka lawama yote kwa tajiri nitakuwa mwongo.

Si kila simu inatoka ofisini. Tunawapigia marafiki kwa sababu barabara ni ndefu na usingizi unakuja. Tunasoma habari za mpira. Tunatuma fedha nyumbani kwa M-Pesa huku gari linakwenda, kana kwamba mtoto atakufa njaa kabla hatujafika Emali. Nimewaona waendeshaji wa bodaboda wameichomeka simu ndani ya helmeti, wanaongea na kucheka, abiria na mtoto wake wako nyuma. Nimemwona dereva wa basi lililojaa akijipiga picha. Hao hawakulazimishwa na tajiri yeyote.

Basi tukienda mbele ya tajiri kudai, tuwe na mikono safi. Tukimwambia, "Usitupigie," naye akatuonyesha kwamba saa ile ile tulikuwa tukizungumza na mpenzi, tutajibu nini? Dai letu litakufa siku hiyo, na litakufa kwa haki.

Na mke wako pia umwambie. Mwambie hivi: "Nisipopokea, usiudhike. Maana yake niko barabarani, ninataka kurudi nyumbani." Atafahamu.

TUDAI NINI

Naleta mambo manne yajadiliwe katika matawi yetu, ili yaingizwe katika mkataba wa pamoja utakapofunguliwa tena kwa mazungumzo.

1. Gurudumu likizunguka, simu inyamaze. Ofisi isimpigie dereva aliye katika mwendo. Dereva mwenyewe atapiga akifika vituo vilivyokubaliwa, akiwa ameegesha gari mahali pa salama. Kwa safari ya Mombasa hadi Nairobi vituo kama Voi, Mtito Andei na Sultan Hamud vinatosha. Likiwa jambo la haraka, apigiwe taniboi.

2. Dereva asipewe barua ya onyo, asikatwe posho wala asinyimwe safari kwa sababu hakupokea simu akiendesha. Barua za namna hiyo zilizokwisha kuwekwa katika mafaili ziondolewe.

3. Ofisi iandike katika daftari kila simu inayompigia dereva, saa yake na jina la aliyepiga. Ajali ikitokea, daftari hilo litazamwe na pande zote mbili. Kama ofisi ndiyo iliyopiga, tajiri abebe gharama za wakili na dhamana.

4. Saa za kufika zipangwe kwa kufuata barabara ilivyo na masaa ya mtu kupumzika. Karani hupiga simu mara kumi kwa sababu mwenye mzigo ameahidiwa saa isiyowezekana. Tusipoponya mzizi huo, matawi yatachipua tena.

Mambo haya si makubwa. Hayamgharimu tajiri hata nusu ya bei ya trela moja lililoanguka. Na yakishaandikwa katika mkataba, mkataba ukasajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, hayawi tena ombi. Yanakuwa haki inayoweza kudaiwa kortini.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda na wa programu za simu, wasio na mkataba wa pamoja, nasema: jiungeni. Mtu mmoja akizima simu hupoteza kazi ya siku. Wakisema wote kwa sauti moja kwamba hawatajibu gurudumu likizunguka, mwenye programu atalazimika kungoja.

Siku ya Mei 1, 1949, East African Trade Union Congress ilipoanzishwa Nairobi, rais wake alikuwa Fred Kubai, na katibu mkuu alikuwa Makhan Singh. Kubai alitoka katika chama cha wafanya kazi wa usafirishaji. Walijua kwamba dereva mmoja mbele ya tajiri ni mnyonge, lakini madereva wote pamoja si wanyonge. Simu hazikuwamo katika magari siku zile. Lakini jambo lenyewe ni lile lile: ni nani anayeamua namna kazi ifanywe, na ni nani anayelipa yakiharibika?

Mimi tangu siku ile ya Mariakani nimefanya hivi. Nikiwasha injini, simu nampa taniboi. Ikilia, yeye anapokea na kusema, "Dereva anaendesha. Atapiga tukifika Voi." Mwanzo karani alikasirika. Nikaitwa ofisini. Nikaenda na mjumbe wa chama, na kifungu cha sheria tumekiandika kwenye karatasi. Tulikisoma pale mbele ya meneja, polepole. Sikupewa barua. Mpaka leo bado naendesha.

Lakini mimi nilikuwa na mjumbe, na nilikuwa na miaka mingi kazini. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita hawezi kufanya hivyo peke yake. Ndiyo maana naleta neno hili kwenu lizungumzwe katika mkutano wa tawi, ili lisibaki ushujaa wa mtu mmoja, liwe kanuni yetu sote.

Haba na haba hujaza kibaba. Leo tuanze na hili: gurudumu likizunguka, simu inyamaze.

Wenu katika chama,

Dereva wa Masafa Marefu